Kamera ya Mtoto wa Shule: Uraibu Unapogeuka Kuwa Kazi

Neno uraibu limebeba sifa mbili zisizopatana. Wazee wa pwani walilitumia kwa tambuu na tumbaku, vitu ambavyo mtu huvizoea hadi akashindwa kuviacha, na siku hizi mara nyingi tunalisikia likitajwa pamoja na sigara, pombe na dawa za kulevya. Lakini katika vitabu vya shule vya humu nchini neno hilo hilo lina maana nyingine: ni jambo alipendalo mtu, alifanyalo wakati wa mapumziko bila kulipwa wala kushurutishwa. Mwanafunzi akiulizwa uraibu wake ni upi, hujibu kuwa ni kusoma riwaya, kucheza kandanda, kuimba au kupiga picha. Mwalimu humpa alama yake, na mazungumzo hukoma hapo.

Makala haya yanakusudia kuyaendeleza mazungumzo hayo kutoka pale yanapokatizwa. Je, yawezekana jambo alilolipenda mtu tangu utotoni likawa kazi ya kumlisha na kumjengea jina? Na ikiwa yawezekana, ni kitu gani hasa kinachougeuza mchezo ukawa kazi? Wazazi wengi hulijibu swali la kwanza kwa haraka wakasema la. Vijana wengi nao hulijibu kwa haraka iyo hiyo wakasema naam. Pande zote mbili zina pupa, kwa sababu swali la pili, ambalo ndilo zito, huachwa bila mwenyewe.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mohamed Amin, ambaye wengi walimfahamu kwa jina fupi la Mo, alizaliwa mjini Nairobi mwezi wa Agosti 1943. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli mwenye asili ya Bara Hindi, na kazi hiyo ya reli ndiyo iliyoihamisha jamaa yake hadi Dar es Salaam wakati Mo angali mtoto. Huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, kamera kuukuu aina ya Box Brownie. Hapakuwa na mtu mwenye akili timamu ambaye angetabiri kwamba kisanduku kile kingemfikisha kijana huyo mbele ya wafalme, marais na mamilioni ya watazamaji.

Inafaa tukitazame kisanduku hicho kwa makini, kwa kuwa kina funzo. Kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani ilianza kuuza kamera za Brownie mwaka 1900 kwa bei ya dola 1, kwa nia ya kuufikisha upigaji picha kwa watu wa kawaida, watoto wakiwemo. Kabla ya hapo picha ilikuwa shughuli ya mafundi na matajiri. Brownie ilikuwa sanduku tu lenye lenzi, kitufe na kidirisha cha kuchungulia, wala haikuwa na mengi ya kurekebishwa. Zile zilizotumia filamu pana ya namba 120 zilitoa picha 8 pekee kwa kila filamu. Mtoto aliyekuwa na kamera ya namna hiyo hakuwa na anasa ya kubofya ovyo. Kila picha iligharimu senti za filamu, senti za dawa na senti za karatasi. Ilimlazimu asimame, aangalie jua liko upande gani, angoje watu wajipange au wasahau kwamba wanatazamwa, kisha ndipo aamue. Umaskini wa chombo ulikuwa ndio mwalimu wake wa kwanza.

Mwalimu wa pili alikuwa shule. Ujuzi wa chumba cha giza Mo aliupata shuleni, katika chama cha wanafunzi waliopenda upigaji picha. Vijana waliozaliwa katika enzi ya simu huenda wasijue chumba hicho kilikuwa na kazi gani. Filamu ilitolewa katika kamera gizani totoro, ikalowekwa katika dawa ya kudhihirisha picha kwa dakika zilizohesabiwa na kwa kiwango maalumu cha joto. Baadaye ilitiwa katika dawa nyingine ya kuizuia isiharibiwe tena na mwanga, ikaoshwa kwa maji na kuanikwa. Dakika zikizidi, filamu ilikolea mno. Zikipungua, picha ilitoka hafifu. Hapakuwa na njia ya kuibembeleza kemia. Aliyefanya pupa aliyaona matokeo ya pupa yake yakining'inia kwenye kamba, yakimkodolea macho.

Walimu wa sayansi na hisabati wataona mara moja kwamba uraibu huu ulikuwa darasa kamili. Tundu la lenzi likipanuliwa hatua moja, mwanga unaoingia huwa maradufu. Kilango cha kamera kikifunguka kwa sehemu 1 ya 125 ya sekunde badala ya sehemu 1 ya 60, mwanga hupungua kwa karibu nusu. Taa ndogo ikisogezwa mbali mara mbili ya umbali wake wa kwanza, mwanga unaomfikia anayepigwa picha hubaki robo tu. Mwanafunzi anayeikimbia kanuni hiyo ubaoni huikumbatia akijua kwamba ndiyo itakayoiokoa picha ya harusi ya dada yake. Maarifa ni yale yale. Kilichobadilika ni kiu ya anayeyatafuta.

Hata hivyo, kiu peke yake haileti kazi. Wangapi waliokuwa katika vyama vya namna hiyo, wakazipenda kamera zao, kisha wakaishia kuziweka kabatini? Hapa ndipo tunapofikia kiini cha jambo. Uraibu humtumikia mwenyewe, ilhali kazi humtumikia mtu mwingine. Mraibu wa picha hupiga anachokipenda, wakati anaoupenda, na akichoka hupumzika. Mwenye kazi hupiga kinachohitajiwa, kwa wakati kinapohitajiwa, na mtu asiyemjua kabisa hungoja mahali fulani akitegemea kwamba kitafika. Siku ambayo mtu hulikubali deni hilo kwa hiari yake ndiyo siku ambayo uraibu wake huanza kugeuka.

Mohamed Amin alilikubali mapema. Mwaka 1963, akiwa na umri wa takriban miaka 20, alianzisha kampuni yake mwenyewe, Camerapix, mjini Dar es Salaam. Neno kampuni lisitupumbaze. Mwanzo wake ulikuwa mdogo, wa kijana mwenye kamera, tamaa ya kazi na miguu isiyochoka. Lakini kule kuipa shughuli yake jina kulikuwa na maana. Aliyeagiza picha alijua ni nani atakayemdai akichelewa. Magazeti hayanunui mapenzi ya mpigapicha. Hununua picha iliyofika kabla ya mitambo ya uchapaji kuanza kunguruma. Picha nzuri iliyofika kesho ni kumbukumbu ya jamaa, wala si habari.

Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 1964, Mo alikuwa miongoni mwa wapigapicha walioyashuhudia. Kisiwa hicho hicho kikamfunza kwamba kamera ina bei. Mwaka 1966 alikamatwa Unguja na kutiwa gerezani kwa takriban mwezi mmoja kwa sababu ya picha alizozipiga huko. Alipoachiliwa alirudi Kenya, na kutoka wakati huo Nairobi ikawa makao makuu ya kazi yake. Mtu ambaye kwake picha ni mchezo tu angeiuza kamera siku aliyotoka gerezani. Yeye aliifungua na kuitia filamu mpya.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya Nairobi, katika barabara ambayo sasa ni Moi Avenue. Mohamed Amin aliwahi kufika. Picha zake za dakika zile za mwisho, waliomzunguka Mboya wakijaribu kuuokoa uhai wake, zilionekana ng'ambo na kumletea tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni wa mwaka huo. Mwanafunzi wa historia anayezitazama leo anapaswa kujiuliza jambo ambalo maandishi hayawezi kumweleza sawasawa: nyuso zile zilikuwa na sura gani? Sentensi moja katika kitabu cha kiada hutuambia kwamba taifa lilishtuka. Picha hutuonyesha mshtuko wenyewe ungali mbichi, kabla haujapata wa kuueleza.

Lakini kazi iliyolifanya jina lake lijulikane duniani ilikuja miaka 15 baadaye. Mwezi wa Oktoba 1984 alisafiri pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC hadi kaskazini mwa Ethiopia, katika mahali paitwapo Korem, ambako maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika wakiwa na njaa. Taarifa yao ilitangazwa tarehe 23 Oktoba, kisha ikaonyeshwa na mamia ya vituo vya televisheni ulimwenguni. Kabla ya mwaka kwisha, wanamuziki wa Uingereza walikuwa wametoa wimbo wa kuchangisha fedha. Wenzao wa Marekani wakafuata mapema mwaka 1985, na tarehe 13 Julai mwaka huo zikafanyika tamasha kubwa za Live Aid jijini London na Philadelphia kwa siku moja. Njaa ile ilikuwa imeripotiwa hapo awali, kwa maneno na kwa takwimu. Kilichokosekana ni jicho la kuifanya isiweze kupuuzwa.

Hapa lazima tuseme pia upande wa pili, kwa maana mwalimu akiyasifu mambo nusu nusu huwa amefundisha nusu. Wamekuwapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama picha za wenye njaa hazikuiachia Afrika sura moja tu machoni pa wageni: sura ya mkono ulionyoshwa kuomba. Wanauliza pia kama mama aliyempakata mtoto anayekufa aliulizwa ridhaa yake na yeyote. Maswali hayo hayamshushi Mohamed Amin hadhi. Yanaonyesha kwamba aliyeifanya picha kuwa kazi hujitwika mzigo ambao mraibu haujui. Picha ya mchezo hubaki katika albamu ya nyumbani, ilhali picha ya kazi huwazungumzia watu ambao hawapo kujitetea.

Ni haki vilevile kusema kwamba mtu huyu hakuiona Afrika kwa dirisha la msiba peke yake. Alipiga picha za hija na mwaka 1978 kukatoka kitabu chake kuhusu Makka. Alizunguka Ziwa Turkana, na kitabu cha safari hiyo kikatoka mwaka 1981. Mwaka uliofuata, pamoja na mpigapicha Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley, alitoa kitabu cha safari katika nchi yetu ya Kenya. Katika kurasa hizo mna milima, wachungaji, wavuvi na masoko. Camerapix ilikuwa pia mchapishaji wa vitabu, na hili ni jambo ambalo vijana wanaotaka kuishi kwa sanaa hawalitilii maanani: Mo hakungoja kila siku mtu amwite. Alitengeneza soko la kile alichokuwa nacho.

Bei aliyoilipa ilikuwa kubwa. Mwezi wa Juni 1991, muda mfupi baada ya serikali ya Mengistu kuanguka, ghala la silaha lililipuka jijini Addis Ababa wakati Mo na wenzake walipokuwa wakipiga picha za moto uliokuwa ukiwaka hapo. John Mathai, mwenzake aliyekuwa akinasa sauti, aliuawa. Mo alipoteza mkono wake wa kushoto. Aliwekewa mkono bandia na akarejea kazini. Kisha tarehe 23 Novemba 1996, akiwa safarini kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi, ndege ya shirika la Ethiopia aliyoipanda ilitekwa nyara, ikaishiwa na mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija katika visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Mohamed Amin, aliyekuwa na umri wa miaka 53, alikuwa miongoni mwao, na Brian Tetley pia. Miaka mingi kabla yao, mwaka 1968, mzaliwa mwingine wa Nairobi, Priya Ramrakha, aliuawa akipiga picha za vita vya Biafra nchini Nigeria. Anayewahimiza vijana kuigeuza kamera kuwa kazi bila kuwataja hawa atakuwa anauza bidhaa huku ameficha bei.

Mwanafunzi anaweza kusema: ikiwa njia ya kamera hupitia gerezani na vitani, heri nibaki na uraibu wangu. Tumjibu kwa mfano mwingine, wa mtu ambaye hakukimbilia vita vyovyote. Seydou Keïta alizaliwa mjini Bamako, nchini Mali, mnamo mwaka 1921 hivi. Alifunzwa useremala. Mwaka 1935 ami yake aliporudi kutoka Senegal alimletea zawadi ya kamera, nayo pia ilikuwa Brownie ya Kodak. Kwa miaka kadhaa kijana yule alikuwa seremala mwenye uraibu wa picha. Alijifunza kazi ya chumba cha giza kwa mpigapicha mwenye uzoefu, Mountaga Dembélé, na mwaka 1948 akafungua studio yake.

Studio yenyewe haikuwa na makuu. Alipiga picha nyingi uani, kwa mwanga wa jua, na pazia lake la nyuma la mwanzo lilikuwa shuka la kitandani mwake lenye nyuzi za kuning'inia. Alikuwa na saa, kalamu, redio na hata pikipiki ambavyo mteja angeweza kupiga navyo picha. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, mara nyingi alipiga picha 1 tu kwa kila mteja, hivyo ilimbidi kwanza ajue mkono uwekwe wapi na uso ugeuzwe kiasi gani. Watu walitoka kwake wakiwa na sura waliyoitamani wenyewe, si sura aliyowabandika mgeni. Muhimu zaidi, alizitunza filamu zake. Miaka ya 1990 ilipofika, maonyesho jijini Paris mwaka 1994 yaliwafanya wapenzi wa sanaa watambue kwamba fundi yule wa Bamako alikuwa ameandika historia ya mji wake sura baada ya sura. Alifariki mwaka 2001.

Tuwaweke wawili hawa pamoja tuone wanafanana kwa nini. Mmoja alikimbizana na habari, mwingine aliketi uani akingoja wateja. Mmoja aliuza kwa vituo vya televisheni, mwingine kwa makarani, wafanyabiashara na maharusi. Lakini wote walianza na chombo hafifu. Wote walipata mahali pa kujifunzia na mtu wa kuwafunza. Wote walijifunga kwa haja za wengine. Na wote walihifadhi walichokifanya. Hakuna katika hayo manne lililo muujiza, na hakuna linaloweza kununuliwa dukani pamoja na kamera.

Sasa tugeukie siku zetu. Kamera ambayo Mo aliipata kwa taabu, leo imo ndani ya simu iliyo mfukoni mwa kijana wa kawaida. Anaweza kupiga picha 800 kabla ya chakula cha mchana bila kutumia hata senti moja ya filamu. Wengine huiona neema hiyo na kudhani kwamba kazi ya mpigapicha imekuwa rahisi. Kwa kweli imekuwa ngumu zaidi. Studio za mitaani zilizoishi kwa picha za pasipoti na za sikukuu zimepoteza wateja wengi kwa sababu mteja naye ana kamera. Kila mtu anapoweza kupiga picha, picha ya kila mtu hukosa bei. Inayobaki na bei ni ile ambayo wengine wangependa kuipiga lakini hawakujua wasimame wapi, wangoje nini na waache nini.

Kwa hivyo kijana asihadaike na idadi ya watu wanaozisifu picha zake katika mitandao. Sifa ni tamu, lakini sifa si agizo la kazi. Ajiulize badala yake: kuna mtu yeyote ambaye atapata hasara nisipofika kesho na kamera yangu? Kama hakuna, bado ni mraibu, na si aibu kuwa mraibu. Kama yupo, hata akiwa ni mwalimu mkuu mmoja anayengoja picha za siku ya michezo au jirani anayetaka kumbukumbu ya posa ya bintiye, basi mlango umefunguka.

Kwa walimu, nina pendekezo lisilohitaji bajeti kubwa. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu, na zina sababu zake. Lakini kamera moja ya shule, iliyo chini ya ulinzi wa mwalimu, yatosha kuanzisha chama. Kila mwanachama apewe nafasi ya kupiga picha 8 tu katika shughuli moja, kama Brownie ilivyoruhusu: upandaji miti, mashindano ya uimbaji, siku ya wazazi. Asiruhusiwe kufuta wala kuongeza. Kisha achague 1 kati ya hizo 8 na kuiandikia maelezo ya sentensi mbili kwa Kiswahili sanifu: ni nani, wapi, lini, na kuna nini hapo ambacho jicho la haraka lingekikosa. Zoezi hilo ni somo la lugha, somo la historia na somo la adabu kwa wakati mmoja. Mwisho wa mwaka shule itakuwa na hazina ambayo wanafunzi wa miaka 30 ijayo wataishukuru.

Mtaala wa umilisi ulioanza kuenezwa nchini mwaka 2019 umeitambua sanaa pamoja na michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu. Hilo ni jambo la kutia moyo, lakini karatasi haifundishi mtoto. Ikiwa shuleni muda wa vyama vya wanafunzi unaliwa na masomo ya ziada kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi pia, mtoto mwenye jicho la Mohamed Amin atakaa darasani hapo hapo, ajifunze kuficha anachokipenda, na amalize shule bila mtu kujua alikuwa na nini. Hatutaihesabu hasara hiyo kwa kuwa hatutaiona.

Wazazi nao wasidhani kwamba ninawashawishi wawaachie watoto vitabu viozee chini ya vitanda. La hasha. Mpigapicha asiyejua kuandika maelezo ya picha yake hutegemea huruma ya wengine. Asiyejua hesabu hupunjwa malipo. Asiyeijua historia hupita kando ya tukio kubwa bila kulitambua. Ninachowaomba ni subira ya kupima. Mtoto akisema anapenda kupiga picha, wasimwambie kwamba huo ni upuuzi, wala wasikimbie kumnunulia kamera ya bei ya ng'ombe wawili. Wampe kitu hafifu, kisha wamtazame mwaka mzima. Asiye na mapenzi ya kweli atachoka na hasara itakuwa ndogo. Asiyechoka atakuwa amejitambulisha mwenyewe.

Na kwenu wanafunzi, mambo matatu kabla ya kuota tuzo. Kwanza, jifunzeni mwanga kama seremala ajifunzavyo mbao, kwa kuwa vifaa hubadilika kila mwaka lakini jua ni lile lile. Pili, tunzeni kumbukumbu: kila picha iwe na tarehe, mahali na majina, na iwe na nakala zaidi ya moja. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huilinda picha kama inavyovilinda vitabu na nyimbo, lakini ni vigumu kudai mali ambayo hujui uliiweka wapi. Salim Amin, mwanawe Mo, ambaye naye aliingia katika uanahabari, amekuwa akiitunza hazina ya marehemu baba yake, na jijini Nairobi kukaanzishwa wakfu kwa jina la marehemu uliowafunza vijana wa Afrika kazi ya kamera na utangazaji. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu filamu hazikutupwa.

Tatu, mheshimuni anayepigwa picha. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humhakikishia kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeiongezea haki hiyo meno. Lakini hata kabla ya sheria kuna utu. Mtu aliyeanguka, aliyefiwa, aliyedhalilishwa, si mapambo ya ukurasa wako. Pengine itabidi umpige picha ili wengine wajue yaliyompata, kama ilivyobidi kule Korem. Basi uwe na jibu siku utakapoulizwa kwa nini, na kwa manufaa ya nani.

Tulianza kwa kuuliza ni kitu gani kinachougeuza mchezo kuwa kazi. Si cheti, ingawa cheti kina nafasi yake. Si kamera ya gharama, kwa maana Brownie mbili kuukuu zimetuonyesha vinginevyo. Na si mapenzi peke yake, kwa kuwa mapenzi ya picha yamejaa kila mahali. Ni kule kukubali kuwiwa na mtu mwingine, siku kwa siku, kwa jambo ambalo hapo awali ulilifanya kwa raha yako mwenyewe, na bado raha isikuishe. Atakayeweza kuyabeba hayo mawili pamoja, deni na raha, huyo asizuiwe. Afunguliwe chumba cha chama, apewe picha zake 8, na aambiwe lini zinahitajiwa.